Mbuzi Hawapandi Ndege

Mwaitu,

Mama yangu, nimekaa kwenye kigoda chako hapa mlangoni mwa jikoni, na kabla hujaniuliza, ndiyo, nimekula. Baba pia amekula, ingawa siku hizi anakula amesimama, sahani ameiweka juu ya ukingo wa zizi, anawatazama wale mbuzi wako. Nimemwambia akae chini mpaka nimechoka mimi. Anasema meza imekuwa kubwa.

Nakuandikia kwa sababu safari imekaribia na sina mtu wa kumlilia. Ile safari ya Uchina, Mwaitu. Ile uliyokuwa unaitangaza kanisani kila ukipewa nafasi ya kutoa ushuhuda, mpaka mchungaji akakuomba uwaachie na wengine dakika chache. Tiketi tunazo, visa zimetoka, na Baba alikuwa amesema haendi. Mwanao Kilonzo naye, huko huko aliko, alikuwa amesema kama Baba haendi, basi amejua hana kwao, na asitafutwe tena. Unawajua hao wawili. Wakishaachana hivyo, mimi sina nguvu za kuwarudisha. Mwenye nguvu hizo ulikuwa wewe, na wewe umelala pale chini ya mti wa avokado kama mtu ambaye hana habari. Nisamehe. Nina hasira na sijui niipeleke wapi.

Wacha nikueleze kutoka mwanzo.

Baada ya kukuzika, Kilonzo alinyamaza muda mrefu. Halafu siku moja niko dukani Matiliku, nampimia mtu dawa ya kupe, simu ikalia. Alikuwa amenitumia mpango mpya wa safari, ameupanga upya kwa ajili ya Baba. Tushuke Guangzhou, tupande treni mpaka Guilin, tulale, tusifanye lolote. Kesho yake tukae kwenye mashua ya mianzi katika mto mmoja mdogo, maji yametulia, mwenye mashua anasukuma na mti mrefu, na ile milima yao ya ajabu imesimama kandokando, kila mmoja peke yake. Halafu kijiji kimoja karibu na Yangshuo, nyumba ya wageni katikati ya mashamba ya machungwa, tukae hapo bila kuamshwa na mtu. Mwisho kabisa ndiyo tupande mlimani kwa kina Lan, kwa wakwe zake, kule kwenye mashamba ya mpunga yaliyokatwa ngazi ngazi kutoka chini bondeni mpaka mawinguni.

Neno kupumzika ameliandika kila mahali. Baada ya chai, kupumzika. Baada ya chakula cha mchana, kupumzika. Jioni, kutembea pole pole kando ya mto, halafu kupumzika. Nilipomsomea Baba, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mtu huenda mbali hivyo kupumzika? Kwani hapa hakuna kitanda?"

Nilicheka, Mwaitu. Nikageuka kukutazama tucheke pamoja, kisha nikatoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Unakumbuka ile picha ya kwanza ya mashamba ya kwao? Kilonzo alikuwa ameituma akimtambulisha Lan kwetu, yule msichana amesimama mbele, nyuma yake mlima wote umechimbwa. Sisi tulikuwa tunamtazama msichana. Wewe ulichukua simu, ukaisogeza karibu na macho, ukasema, "Eeh! Hawa watu wana mwethya kali kuliko yetu. Nani aliwachimbia hivi?" Maisha yako yote umechimba mitaro ya fanya juu, ya kushika udongo, na akina mama wenzako wa mwethya hapa Kilungu, leo shamba la huyu, kesho la yule, mkiimba na majembe juu. Kwako ule mlima haukuwa mandhari ya kupiga picha. Ulikuwa mgongo wa mtu. Ulikaa nayo ile simu mpaka ikazima, ndipo ukauliza, "Na huyu msichana anaitwa nani?" Tukakuambia Lan. Ukasema hilo jina halijamalizika, ukamwita Lani, na mpaka leo yeye mwenyewe anajiita Lani akiongea na sisi.

Na hapo hapo ukaanza habari ya mbuzi.

Nilijaribu juzi kumweleza Lan kuhusu ntheo. Kiswahili chake bado ni cha kuomba chumvi, kwa hivyo nilienda pole pole. Nilimwambia ni mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja. Wanatoka kwetu wanaingia kwenu, wazee wanaenda nao, beberu anachinjwa na pande zote mbili zinakula. Mahari ile nyingine inaweza kungoja hata mpaka watu wazeeke. Lakini hao watatu wasipofika, kwa Mkamba hapajaolewa mtu, na watoto wakizaliwa ni wa ukoo wa mama yao. Lan akaniuliza, "Kwa hivyo mimi bado ni mgeni?"

Wewe ulikuwa umejipanga. Ulichagua wale majike wawili, yule mweusi na yule wa madoadoa, na yule beberu mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Ulimlea kwa majani ya viazi na maganda ya ndizi mpaka akawa na kiburi. Ukakaa kiangazi kizima unaparua mkonge wa mpakani na kusokota kamba tatu, ukazitundika zizini, hakuna ruhusa ya mtu kuzigusa hata kufungia kuni. Nikakuambia, "Mwaitu, mbuzi hawapandi ndege." Ukasema, "Wewe uza dawa, mambo ya mbuzi niachie." Sikujua ulikuwa unafikiria nini. Ulipoenda kupigwa picha ya pasipoti na yule kijana akakwambia uvue kitambaa cha kichwa, ulimuuliza kama mama yake anajua anawavua watu vitambaa. Ulipigwa picha umekasirika. Pasipoti ilibaki kwenye kabati lako, haina muhuri hata mmoja, na sura iliyo ndani ni ya mtu anayetaka kumchapa mtu.

Halafu sukari ikapanda, na hatukurudi nawe nyumbani ukiwa hai.

Sasa nikwambie kitu ambacho hakuna aliyekuambia, kwa sababu kilifanyika siku yenyewe ya mazishi yako. Watu walikuwa wengi. Walitoka Kanyangi kwenu, walitoka makanisa yote, sufuria hazikutosha. Baba mdogo Mulwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa chakula, na unamjua ndugu ya Baba, akipewa kazi haulizi mtu. Aliona wageni wanaongezeka na nyama inakwisha. Akaingia zizini, akatazama, akamchukua aliyenona. Akamfunga na kamba iliyokuwa imetundikwa hapo hapo, akamtoa nyuma ya nyumba. Mimi nilimwona Baba akiwa amepewa sahani, akaitazama ile nyama, halafu akatazama kule zizini. Aliiweka chini. Alienda mpaka nyuma ya jikoni akaona ngozi imetandazwa na alama nyeupe juu yake, na kamba yako imekatwa vipande viwili. Hakumgombeza Mulwa. Heri angemgombeza.

Beberu wa ntheo ya Lan aliliwa kwenye matanga yako, na watu wa Lan hawakuonja.

Siku hiyo hiyo, huko mbali, Kilonzo alikuwa hospitalini na mke wake. Unajua mwenyewe Lan alikuwa amekaribia kujifungua. Hakuweza kumwacha aje. Binamu yetu alishika simu juu ya watu ili aone jeneza likishuka, na mkono ulikuwa unachoka, picha inaenda kwa mawingu, inarudi. Baba aliiona ile simu. Akasema kwa sauti ambayo watu wa mbele wote walisikia, "Mama hazikwi kwa simu." Kilonzo pia alisikia. Mtoto alizaliwa kabla hatujamaliza kuosha sufuria. Msichana. Jina lake unalijua, halikuwa la kujadiliwa, binti wa kwanza huitwa jina la nyanya yake wa upande wa baba. Anaitwa Ndunge. Ana kipaji chako cha uso, Mwaitu, na akinyimwa kitu anakunja midomo kama kwenye ile pasipoti.

Lakini Baba hakuwa amewahi kumwita kwa jina. Miezi yote hii alikuwa anasema "yule mtoto". "Yule mtoto amepona homa?" "Yule mtoto anakaa sasa?" Mara moja nikamwambia, "Baba, ana jina." Akajibu, "Jina la mke wangu halipewi watu ambao sijaingiza mbuzi kwao." Akaondoka na jembe lake. Alikuwa anaenda kurekebisha ule mtaro wa juu uliobomoka na mvua. Wenzako wa mwethya walikuja kumsaidia bila kuitwa, na kila mmoja akanivuta pembeni kuniuliza kama ni kweli huko watu hula nyoka.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa hali. Kilonzo anapanga mashua na machungwa, Baba anawaza zizi. Mimi niko katikati na simu mkononi. Nilijaribu kuongea na Kilonzo kwa upole. Akasema, "Mwikali, nimewaita mje mpumzike, mumwone mtoto, mle, mlale. Sitaki kikao cha wazee huku. Mama yangu amekufa sikumzika, na Baba ananiletea habari ya mbuzi?" Halafu akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia, mteja akaingia kutaka chanjo ya kuku. Nikamhudumia hivyo hivyo na makamasi.

Nilipomrudia Baba, nilimwambia mbuzi tutanunua huko huko. Si watu siku hizi hununua kwenye soko lililo karibu na kwa wakwe? Hata jirani zetu wamefanya hivyo. Akaniangalia sana. Akasema, "Mbuzi wa soko la watu hakutoka kwangu. Siwezi kusimama mlangoni kwa mtu mikono mitupu mara ya pili." Nikasikia hiyo "mara ya pili", nikadhani amechanganya maneno. Akaongeza, "Nendeni. Mimi nitawachungia nyumba." Alisema vizuri, bila ugomvi, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu Baba akigomba huwa anabadilika, lakini akisema kitu kwa upole amemaliza.

Nikafunga duka nikaenda Kanyangi kwa Mjomba Nzioka. Nilifikiri yeye ndugu yako atanisaidia kumsukuma. Nilimkuta kwenye posho mill yake, unga mpaka kwenye nyusi, anapiga kelele kwa sababu mashine inanguruma na yeye ameshazoea kupiga kelele hata ikiwa imezimwa. Nikamweleza yote. Nikafika pale pa "mikono mitupu mara ya pili". Mjomba akazima mashine. Waliokuwa kwenye foleni wakalalamika, akawaambia waende wakanywe chai.

Akaniuliza, "Mama yako hakuwahi kukwambia mbona alikuwa anamwita mumewe theluthi mbili?"

Mwaitu! Yale maneno! Tangu tuko wadogo nimeyasikia. Baba akileta ukali nyumbani, ukimaliza kumsikiliza unasema, "Punguza, wewe una theluthi mbili zangu tu, ile nyingine bado iko kwetu." Na Baba anatabasamu chini chini, anachukua kofia yake. Nilidhani ni utani wa watu waliooana, nikauacha hivyo.

Mjomba akanisimulia akiwa amekaa juu ya gunia. Kwamba Babu yetu na wazee wenzake walitoka huku Kilungu na mbuzi wako watatu kwa miguu, na Baba akiwa kijana ndiye aliyekabidhiwa beberu. Kwamba walipofika mto Athi maji yalikuwa yamepanda kidogo, wazee wakasema wangoje, na Baba, kwa haraka ya kuoa, akasema yanapitika. Katikati ya mto beberu akateleza. Kichwa kikatoka kwenye kitanzi. Baba akabaki amesimama kwenye maji mpaka kiunoni, ameshika kamba, na upande ule mwingine wa kamba hakuna mbuzi. Alifika kwenu Kanyangi amelowa, anatetemeka, kamba mkononi, majike wawili nyuma yake. Mjomba alikuwa mtoto wa kuchunga, alimwona kwa macho yake. Anasema kijana wa watu alikuwa amesimama mlangoni analia waziwazi, hajali wanawake wanamwona, kwa sababu alijua mambo yameharibika.

Baba yako akatoka. Akaitazama ile kamba, akaipokea, akaenda kwenye zizi lake mwenyewe. Akamfunga beberu wake na kamba ya Baba, akamtoa nje ya boma mpaka barabarani, akamrudisha ndani tena mbele ya wazee wote. Akasema, "Kamba imetoka kwao, imeingia kwetu. Mwenye neno aseme." Hakuna aliyesema. Wakala, wakaimba, na wewe ukaolewa.

"Kwa hivyo beberu wa mama yako alikuwa wetu," Mjomba akasema, "na yeye alimcheka mumewe maisha yake yote. Lakini hakumcheka mbele ya watu. Ndiyo maana ninyi hamjui."

Nilirudi nyumbani nimebeba hiyo habari na sikujua nitaiweka wapi. Baba yangu si mkaidi. Anaogopa. Beberu wa kwanza alichukuliwa na mto, wa pili amechukuliwa na matanga yako, na yeye anaona ni mkono wake usioshika. Na mimi ni binti yake, nitamwambiaje baba yangu kwamba nimejua alilia mlangoni kwa watu? Hayo ni mambo yenu wawili. Nilikukumbuka hapo vibaya sana, Mwaitu, si kwa machozi, kwa kukosa tu mtu wa kuuliza hiki nifanyeje.

Tulikuwa tunachuma mbaazi kwenye ule mtaro wa juu, yeye mstari wake, mimi wangu. Alianza kunigombeza kwamba nachuma na zile changa. Nikavuta pumzi. Nikasema, bila kumwangalia, "Punguza, Baba. Wewe mwenyewe una theluthi mbili tu."

Mikono yake ikasimama. Nilisikia mbaazi zimeacha kuanguka kwenye ndoo. Nikaendelea kuchuma, zilizokomaa, changa, zote, sikuwa naona. Baada ya muda akauliza, "Ulikuwa Kanyangi?" Nikasema ndiyo. Akachukua ndoo yake akashuka nyumbani, na hakusema nami neno siku hiyo wala iliyofuata. Nilijua nimeharibu. Nilianza hata kufikiria jinsi nitakavyomwambia Kilonzo kwamba nakuja peke yangu, na kiti cha Baba kitakuwa kitupu karibu na kile ambacho kingekuwa chako.

Halafu nikaanza kusikia sauti nyuma ya jikoni. Kwaru, kwaru, kwaru. Nilichungulia. Baba alikuwa amekata majani ya mkonge wa mpakani, ameyaweka kwenye ubao, anayaparua kwa kisu chako kile butu. Nilimwacha. Siku iliyofuata alikuwa amekaa chini, suruali ameikunja mpaka juu ya goti, anasokota nyuzi kwenye paja lake kama unavyofanya wewe. Hajui, Mwaitu. Nyuzi zilikuwa zinafumuka, anatema mate, anaanza tena. Paja limekuwa jekundu. Mzee mzima, na akina mama wa mwethya wakipita njia ya chini walikuwa wanamwona, na hakuna aliyecheka.

Jana asubuhi nilikuwa nampa maji yule jike mweusi, amezaa mapacha nilisahau kukwambia, na Baba akaingia zizini. Amezishika kamba tatu. Mbili ni zako, laini, zimenyooka. Ya tatu, Mungu wangu, ina vinundu, mahali pengine nene, mahali pengine nyembamba, imepinda. Akaninyooshea zote.

"Uliza watu wa ndege kama kamba inaruhusiwa," akasema.

Nikasema nitauliza.

"Hawa wawili watakaa hapa. Ni wa mke wa Kilonzo, akija atawakuta na watoto wao. Huko tutanunua wengine, tuwafunge na hizi." Akaipapasa ile yenye vinundu. "Baba yake Ndunge alikubali kamba. Huyu wa Lani pengine na yeye ni mtu."

Baba yake Ndunge. Alikuwa anamwita baba yako, Mwaitu, kwa jina lako. Mara ya kwanza tangu mazishi nimesikia jina lako kinywani mwake.

Nikampigia Kilonzo hapo hapo zizini, kabla Baba hajabadilisha nia. Huko ilikuwa mchana, walikuwa mlimani kwa kina Lan. Kilonzo alipoona ni Baba yuko kwenye simu, uso wake ukafunga. Baba hakumsalimia hata. Akasema tu, "Muulize mkwe wangu kama huko kwao mtu anaweza kupata beberu." Kilonzo akatazama ile kamba mbaya iliyo mkononi mwa Baba. Akaitazama muda mrefu. Halafu simu ikageuka, tukaona ngazi za mpunga zimejaa maji, na baba yake Lan katikati na suruali amekunja kama Baba, ana bata miguuni. Lan akamweleza. Yule mzee akajibu kitu kirefu, akionyesha bata.

Kilonzo akasema, "Anauliza kama bata atakubalika."

Baba akafikiria kabisa, kwa heshima. "Mwambie bata tutakula. Lakini ntheo ni mbuzi."

Lan akatafsiri, mzee akacheka, akaonyesha upande wa pili wa mlima, na Kilonzo akasema kuna mtu huko anafuga. Nilidhani atasema kitu kwa Baba. Hakusema. Sijui kama amemsamehe yale maneno ya kaburini, Mwaitu, nisikudanganye. Alichofanya ni kumchukua mtoto kutoka kwa mama yake, akamleta karibu na simu, mpaka uso wote ukajaa hapo. Anatafuna ngumi yake. Amekunja midomo.

Baba aliishika simu kwa mikono miwili, na zile kamba bado zinaning'inia kwenye vidole.

"Ndunge," akamwita. Mtoto akaacha kutafuna. "Mke wangu. Ninakuja. Safari hii siachilii."

Nilitoka zizini nikawaacha.

Basi tunaenda, Mwaitu. Tutakaa kwenye ile mashua ya mianzi, na najua Baba atamwuliza mwenye mashua maji yana kina gani kabla hajakanyaga. Tutalala kwenye machungwa bila kuamshwa. Nitapumzika nikiweza, ingawa kusema kweli naogopa: naogopa ndege, naogopa Baba na Kilonzo wakikutana uso kwa uso kimya kile kitarudi. Nimebeba pasipoti yako kwenye kiondo. Najua haina kazi. Nimeibeba tu.

Ahadi yangu ni hii. Nikifika kwenye ule mlima nitatafuta mama mzee mmoja anayechimba, nimuulize ile habari yako: nani aliwachimbia hivi. Lan atanitafsiria. Jibu nitakuletea hapa hapa chini ya avokado, kabla hata sijafungua duka. Na siku ya mbuzi, hizo kamba zako mbili laini nitashika moja na Kilonzo ashike nyingine. Ile ya vinundu ina mwenyewe.

Lala, mama yangu. Ukiona majani yameota kwenye kaburi na hakuna mtu wa kuyang'oa, usituhesabie. Tuko kwa watu, tunavuta mbuzi wako mlimani.

Ni mimi binti yako,
Mwikali